Baisikeli ya Mtu Mrefu na Mzito

Mtu mwenye mwili mkubwa asinunue baisikeli kwa kutazama rangi yake tu. Katika nchi ya Iringa na Mbeya njia hupanda na kuteremka, na chombo kinachovunjika mteremkoni chaweza kumwua mwenye kukipanda. Basi na tujifunze namna ya kuchagua iliyo imara.

Kwanza, tazama fremu. Baisikeli nyingi za kazi zina fremu ya inchi 22 au 24, yaani urefu wa bomba linaloshika kiti. Mtu mrefu atafute ya inchi 24. Akisimama na bomba la juu katikati ya miguu yake, nyayo zikikanyaga chini, bomba lisimguse. Tena akiketi, mguu ulio kwenye pedali ya chini uwe karibu kunyoka. Akichagua fremu ndogo, hana budi kuvuta chuma cha kiti juu mno. Nacho, kwa kuwa sehemu iliyobaki ndani ni fupi, hupinda au hupasua mdomo wa bomba. Fremu nyingine zina mabomba mawili juu, na hilo la pili huzidisha nguvu kati ya kiti na usukani.

Pili, tazama magurudumu. Sehemu kubwa ya uzito wa mpandaji hulielemea gurudumu la nyuma. Kwa sababu hiyo mafundi wa Uingereza zamani walitia spoki 32 mbele na 40 nyuma. Zihesabu, kisha uziguse moja moja; maana iliyolegea huziachia nyingine mzigo wake, nazo hukatika moja baada ya moja. Tairi nazo ziwe nene, zijazwe upepo sawasawa. Tairi ikikosa upepo, mpira wa ndani hubanwa kati ya jiwe na rimu, ukatoboka.

Tatu, jaribu breki. Mpandaji na baisikeli yake wakiwa na uzito mara mbili, breki zina kazi mara mbili kuwasimamisha katika mwendo ule ule. Kwa hiyo, kabla ya kuteremka milima ya Uporoto, hakikisha breki zote mbili zinashika. Na siku ya mvua nenda polepole zaidi, kwa maana rimu iliyolowa huteleza.

Baisikeli ya namna hii ni nzito, na penye kilima kikali mwenyewe atashuka aikokote. Wala si aibu: afadhali jasho la kupanda kuliko majeraha ya kuteremka.