SOMO LA REDIO: KUUPANDA MLIMA BEN NEVIS

Leo tutazungumza juu ya Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote katika ufalme wa Uingereza. Uko Uskoti, karibu na mji wa Fort William, nao una urefu wa mita 1,345. Labda mtauliza: mlima wa kimo hicho una hatari gani? Sikilizeni.

Kwanza, baridi. Mwaka 1883 ilijengwa nyumba ya wapimaji wa hali ya hewa kileleni, na njia ya kuifikia. Wapimaji walikaa huko mpaka mwaka 1904, wakiandika vipimo usiku na mchana. Waliona kwamba wastani wa joto la mwaka mzima ni karibu digrii 0, yaani kiasi cha maji kuganda. Njia ile ndiyo inayotumiwa na watu wengi hata leo. Kwenda na kurudi huchukua muda wa saa 7 mpaka 9.

Pili, ukungu. Kilele hufunikwa na mawingu siku nyingi za mwaka, na hatari kubwa huwa wakati wa kushuka. Juu ni tambarare, lakini mkono wa kulia wa mtu anayeshuka kuna magenge ya kadiri ya mita 700. Akiyakwepa mno akaenda kushoto, atafika Five Finger Gully, korongo ambamo watu kadhaa wamekufa. Njia ya salama imo katikati.

Basi wajuzi hufanyaje? Huanzia kwenye nguzo ya wapima ardhi kileleni. Hufuata dira kwa digrii 231 za ramani, wakihesabu hatua mpaka mita 150. Kisha hugeukia digrii 282, wakashuka.

Kwa hiyo mpandaji achukue ramani, dira, nguo za sufu, koti la mvua, chakula na tochi. Akipotea, apulize filimbi mara 6 katika dakika moja, angoje dakika moja, arudie tena. Na hali ya hewa ikiharibika, arudi. Kurudi si aibu, mlima hauhami.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

MANENO MAPYA
dira: chombo kinachoonyesha upande wa kaskazini
genge: mahali palipokatika wima mlimani
korongo: bonde jembamba lenye kingo kali

MASWALI
1. Kwa nini kushuka kuna hatari kubwa?
2. Aliyepotea apulize filimbi namna gani?