Chembe ya resini inataka kapita



Siku moja baba mmoja alileta mutoto wake kwetu kwenye dispansere. Mutoto alikuwa na chembe ndani ya sikio, ndogo kama uwele, rangi ya asali. Ilitoka ndani ya mufuko wa nguo ya kazi ya baba. Nyumbani walijaribu kuitoa kwa maji. Lakini chembe ile, ikiwa kavu, inakunywa maji na kuvimba. Sikio likaziba kabisa. Kiisha kuitoa, baba aliniuliza: «Munganga, hii ni mbegu ya nini?»

Si mbegu ya shamba, ni resini. Lakini baba hakukosea sana, maana watu wa kemia wanaotesha nyuzi juu ya chembe za namna hii. Sikiliza vizuri, kwa sababu shaba iko na kazi kubwa ndani ya jambo hili.

Resini hii ni ya polistirene. Nyuzi zake zimefungwa pamoja kama wavu, kwa hiyo inavimba lakini haiyeyuki. Mwaka 1963 Bruce Merrifield wa Marekani alionyesha kwamba chembe kama hizo zinaweza kushika kitu kinachojengwa kipande kwa kipande: unaosha, unachuja, unaendelea. Mwaka 1984 alipewa zawadi ya Nobel. Chembe zake ziko na vishikio vyenye klore.

Polimere ni uzi mrefu wa vipande vidogo. Ili uzi ukue, mwisho wake unapaswa kuwa macho, tayari kushika kipande kingine. Kwa njia ya zamani, kazi ilikwenda kama ekipi bila kapita: nyuzi zinakimbia, zinagongana, zinakufa, moja ndefu, nyingine fupi, na joto linaweza kupanda kupita kiasi. Mwaka 1995 Krzysztof Matyjaszewski, kule Pittsburgh, Marekani, aliweka shaba kuwa kapita. Shaba inaondoa klore: uzi unaamka, unashika vipande vichache. Shaba inarudisha klore: uzi unalala. Kila wakati nyuzi nyingi zimelala, kwa hiyo hazigongani sana, na zote zinakua karibu sawa. Oksijene ya hewa inaharibu kazi hii, basi wanaifukuza kwanza. Mwishoni wanaosha chembe: shaba inatoka, nyuzi zinabaki. Wakichagua nyuzi zinazoshika metali, chembe inakamata metali ndani ya maji.

Unaona, ndugu? Nguvu ni ileile. Tofauti ni kapita.

Sasa angalia resini iliyokosa kapita. Tarehe 30 Agosti 1976, kule Hanford, Marekani, Harold McCluskey, mutu wa miaka 64, alikuwa akifanya kazi kwenye bomba la resini iliyoshika amerisiumu, metali yenye miale mibaya. Kazi ilikuwa imesimama miezi kadhaa kwa sababu ya mugomo, na resini ilibaki ndani. Kiisha kutia asidi nitriki, bomba lililipuka usoni pake. Hakufa siku ile. Aliishi mpaka mwaka 1987. Lakini macho yaliharibika, na miezi mingi alitunzwa mbali na watu. Sababu ni hii: asidi nitriki kali inachoma resini, na joto na gesi vikikosa njia ya kutoka, vinapasua chombo.

Kwa hiyo, shika amri hizi:

1. Usitie asidi nitriki juu ya resini kwa mawazo yako mwenyewe. Ita shefu.

2. Kazi ikiwa imesimama siku nyingi, usifungue valve kwanza. Uliza: resini imekauka? Nini ilibaki ndani?

3. Usitie maji kwa haraka juu ya resini kavu ndani ya bomba. Ikivimba, bomba linaweza kupasuka.

4. Chembe zikimwagika, fagia palepale. Zinatelezesha mutu kama mabali ya rulema.

5. Vaa malineti ya kazi. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika 15 au zaidi, kiisha uletwe kwetu haraka.

6. Kung'uta mifuko yako mbele ya kurudi nyumbani. Chembe ikiingia sikioni mwa mutoto, mama, usitie maji. Mulete kwetu.

Mutoto yule anasikia vizuri leo. Baba yake sasa anageuza mifuko nje kila jioni mlangoni mwa usini, na wenzake wanamucheka. Mimi simucheki. Yeye amekuwa kapita wa nyumba yake. Na wewe?