Ulimi Utaje, Mkono Utende

Ukipita Forest Road, ambayo siku hizi inaitwa Barabara ya Profesa Wangari Maathai, huwezi kulikosa hekalu la jumuiya ya Kihindu ya BAPS Swaminarayan. Mawe yake ya manjano yalitoka Jaisalmer, katika jimbo la Rajasthan nchini India, yakachongwa huko, yakasafirishwa kwa meli, kisha yakaunganishwa hapa Nairobi kipande kwa kipande. Lilizinduliwa Agosti 1999 na Pramukh Swami Maharaj, aliyekuwa kiongozi wa jumuiya hiyo duniani. Wakenya wengi wamelipita miaka nenda miaka rudi wakielekea Parklands, Ngara au mjini, wakalistaajabia, wasijue ndani yake watu hufanya nini.

Wanaojua kidogo huwa na swali moja. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, pengine daktari au mwenye duka, akae kitako alfajiri akirudia jina lile lile la Mungu mamia ya mara? Je, Mungu hasikii akiitwa mara moja? Swali hili ni la haki, na jibu lake liko ndani ya mafundisho ya Wahindu wenyewe. Mungu hasahau, anayesahau ni mwanadamu. Uradi ni dawa ya usahaulifu huo, na utumishi ndio kipimo cha kama dawa imefanya kazi. Vitu hivi viwili havitengani, na anayeviona mbali mbali hajaielewa ibada ya jirani zake.

Njia ya mapenzi

Dini ya Kihindu ina njia nyingi za kumwendea Mungu. Ipo ya elimu, ipo ya matendo, ipo ya kutafakari kwa utulivu. Inayofuatwa na familia nyingi za Wahindu wa Parklands ni bhakti, yaani kumpenda Mungu na kujifunga naye. Bhagavata Purana, mojawapo ya vitabu vikuu vya njia hii, inataja matendo tisa ya bhakti: kusikia habari za Mungu, kuimba jina lake, kumkumbuka, kuihudumia miguu yake, kumfanyia ibada, kumsujudia, kuwa mtumishi wake, kuwa rafiki yake, na mwisho kujitoa kwake mzima mzima.

Utazame mpangilio huo. Matatu ya kwanza ni kazi ya sikio, ulimi na moyo. Matatu yanayofuata yanahitaji mikono, magoti na paji la uso. Matatu ya mwisho ni uhusiano unaoushika uhai wote wa mtu. Maana yake ni kwamba kutaja jina ni mlango. Anayesimama mlangoni maisha yake yote hajaingia nyumbani.

Shanga 108

Uradi wa mtu mmoja mmoja huitwa japa. Chombo chake ni mala, tasbihi ya shanga 108, ambazo mara nyingi huchongwa kwa mti wa tulsi, aina ya mrehani unaoheshimiwa sana na Wahindu. Muumini huishika kwa mkono wa kulia. Ushanga hulala juu ya kidole cha kati na kusukumwa kwa dole gumba. Kidole cha shahada hakiugusi, kwa kuwa ndicho cha kunyooshea watu lawama. Jina likitajwa mara moja, ushanga mmoja hupita. Mahali ncha za uzi zinapokutana pana ushanga mkubwa wa ziada. Huo hauvukwi. Akiufikia, mtu huigeuza tasbihi mkononi na kuanza kurudi alikotoka.

Wafuasi wa ISKCON, wanaojulikana zaidi kwa jina la Hare Krishna, hutumia mantra, yaani fungu takatifu la kurudiwa, yenye maneno 16, ambayo yote ni majina matatu tu yanayopokezana: Hare, Krishna na Rama. Aliyekwisha kuweka nadhiri katika jumuiya hiyo huahidi kuizunguka tasbihi mara 16 kila siku. Piga hesabu: ni mantra 1,728, kazi ya karibu saa mbili kwa aliyezoea. Ahadi hiyo huenda pamoja na nyingine nne: kutokula nyama, samaki wala mayai, kutotumia kileo wala dawa za kulevya, kutocheza kamari, na kutozini. Ulimi haupewi kazi ya kutaja jina takatifu huku mwili ukiachwa ufanye utakalo.

Mwislamu anayevuta uradi baada ya sala, na Mkatoliki anayesali rozari, watautambua ugumu wa jambo hili. Ulimi huzoea upesi, na akili hutangulia kwenda sokoni. Walimu wa bhakti wanaujua udhaifu huo, ndiyo maana hukazia kitu kimoja kilicho chepesi kusema na kigumu kutenda: lisikie jina unalolitaja. Sikio likifuata ulimi, akili hurudi. Ikitoroka tena, irudishwe tena. Kurudisha huko ndiko ibada yenyewe.

Uimbaji wa pamoja

Uradi ukifanywa na kundi huwa kirtan. Kiongozi huimba mstari, wengine huuitikia, taratibu kwanza, kisha kwa kasi inayopanda hadi watu kusimama na kucheza. Aliyekulia katika ngoma au kwaya za huku kwetu hahitaji kufundishwa mpango huo. Hata vyombo si vigeni kabisa. Tabla na hamoniamu zimo katika taarabu ya Mombasa, mji uliompa sifa mwimbaji Juma Bhalo kwa nyimbo zenye mahadhi ya filamu za Kihindi. Kwenye kirtan huongezwa matoazi madogo ya shaba na mridanga, ngoma ya vichwa viwili inayoninginizwa shingoni.

Aliyeupa uimbaji huu nguvu ya kutoka hekaluni na kuingia barabarani ni Chaitanya, mtakatifu wa Bengal aliyeishi kati ya 1486 na 1534. Aliwaongoza watu kuimba njiani bila kuuliza nani ni wa tabaka gani. Katika India ya wakati huo, jambo hilo halikuwa dogo.

Nairobi nayo ina ushuhuda wake. A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, aliyeanzisha ISKCON mjini New York mwaka 1966, alifika Kenya Septemba 1971. Mwanafunzi wake Mmarekani, Brahmananda, alikuwa ameshatangulia, na kazi yake ilikuwa zaidi katika nyumba za Wahindi. Prabhupada alimweleza wazi kwamba wamekuja Afrika kwa ajili ya Waafrika. Katikati ya mji palikuwa na hekalu la Radha na Krishna ambalo lilikuwa halitumiki sana tena, kwa kuwa mtaa ulikuwa umebaki wa Waafrika. Aliagiza milango ifunguliwe na kirtan ianze. Baadhi ya wenyeji wake Wahindi waliingiwa na hofu, lakini ukumbi ulijaa, watu wakaimba, wakapewa chakula. Hayo yalitokea wakati ambapo Waasia na Waafrika wa Afrika Mashariki walitazamana kwa shaka. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia Uganda. Leo hekalu la ISKCON liko Muhoroni Close, Ngara, na wamo Waafrika miongoni mwa waumini wake.

Mikono inapoingia kazini

Utumishi huitwa seva. Huanza mbele ya murti, yaani sanamu iliyowekwa wakfu ambayo kwa imani ya wenyewe Mungu amekubali kukaa humo ili ahudumiwe. Katika mahekalu makubwa ya Swaminarayan, ibada ya taa, iitwayo arti, hufanywa mara tano kwa siku, tangu kabla ya mapambazuko hadi Mungu anapolazwa usiku. Tambi za pamba zilizoloweshwa samli huwashwa, na taa huzungushwa polepole mbele ya murti huku kengele zikilia. Kisha hupitishwa kwa watu; kila mmoja hupitisha viganja juu ya moto na kujipaka joto lake usoni.

Baada ya hapo jiko nalo hudai watu. Chakula cha hekaluni hupikwa bila nyama, na katika mahekalu mengi bila kitunguu wala kitunguu saumu. Mpishi haonji. Sufuria ikiiva, sehemu hutolewa kwanza mbele ya Mungu, na kinachorudi huitwa prasad, chakula kilichobarikiwa, ambacho lazima kigawiwe. Wapo pia wa kupanga viatu mlangoni, wa kufagia, wa kuosha vyombo. Si ajabu kumkuta mwenye kampuni ameshika ufagio. Wasafiri wa barabara ya Mombasa wameuonja moyo wa namna hiyo kwa Masingasinga wa Makindu, ambao nao huiita kazi hiyo seva na humlisha kila apitaye.

Tusidhani kwamba Wahindu wote huabudu namna moja. Jumuiya ya Arya Samaj, iliyoanza Nairobi mwaka 1903, haina murti kabisa. Wafuasi wake husoma mantra za Veda, maandiko ya kale ya Kihindu, wakizunguka moto wa ibada uitwao havan. Na jumuiya ya Waoshwal wa Ring Road Parklands, wengi wao ni Wajaini, wafuasi wa dini nyingine yenye uradi wake.

Kipimo

Sensa ya 2019 ilihesabu Wahindu 60,000 hivi nchini. Ni wachache, lakini miongoni mwao wamo waajiri, na hapa ndipo mafundisho yao yanapouma. Bhagavata Purana hiyo hiyo inasema kwamba anayeabudu murti huku akiwadharau viumbe ambao Mungu anakaa ndani yao ni kama amemimina sadaka yake kwenye majivu. Naye Narsinh Mehta, mshairi wa Kigujarati wa karne ya 15, katika wimbo Vaishnav Jan To uliopendwa sana na Gandhi, hakumpima mcha Mungu kwa wingi wa shanga. Alimpima kwa kuyahisi maumivu ya mwenzake na kumsaidia bila kujivuna.

Basi ukitaka kujua, ingia. Mahekalu haya hupokea wageni. Vaa kwa heshima, vua viatu, keti, uliza. Na muumini anayenisoma, ambaye asubuhi ya leo amemaliza tasbihi yake, kipimo chake anacho mwenyewe: bawabu langoni, mpishi jikoni, msichana wa kazi anayelea watoto wake. Kwa mafundisho ya bhakti, Mungu aliyemtaja alfajiri anakaa ndani ya hao pia, na heshima wanayostahili na mshahara wao wa haki ni sehemu ya ibada.