Mti wa Mpira Ndani ya Nyumba: Kwa Nini Unakufa?

Mwaka jana kikundi kimoja cha kina mama hapa Nambale kilitujia na shida. Walikuwa wakiotesha miti ya mpira kwenye mikebe, ile yenye majani mapana ya kung'aa, na kuwauzia watu wa ofisi, hoteli na nyumba za kupanga kule Busia na Malaba. Biashara ilianza vizuri. Baada ya miezi mitatu wateja wakaanza kuirudisha. Mmoja alitua mkebe wake pale sokoni akasema, "Mama, mliniuzia mgonjwa." Alitaka pesa zake, na pesa zilikuwa zimeshaenda kwa karo ya watoto.

Sisi nasi tulidhani ni ugonjwa. Tukaomba kutembelea nyumba za wateja, tukaona kama tisa hivi. Kumbe miti haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa imenyweshwa maji mno, tena gizani.

Tuanze na asili yake, manake jibu liko hapo. Mti huu, ambao wataalamu huuita Ficus elastica, ulitoka kaskazini mashariki mwa India na nchi za jirani hadi kisiwa cha Java. Kwao ni mti mkubwa, unafika mita 30 na zaidi. Katika jimbo la Meghalaya, huko India, Wakhasi huiongoza mizizi yake ivuke mto mpaka ikawa daraja la kupita watu. Utomvu wake mweupe uliwahi kutengenezewa mpira, kabla ya ule mti mwingine wa Brazili kuushinda. Ni ndugu wa mkuyu wetu, na wa mutuba wa jirani zetu Waganda, ule ambao gome lake hupigwa likawa nguo ya lubugo.

Sasa, ni nani hajaona mti wa jamii ya mkuyu ukiota juu ya panda ya mti mwingine? Ndege amekula tunda, akaacha mbegu pale juu. Mche unaota penye udongo kiasi cha kiganja, kisha unateremsha mizizi hadi chini. Mti wa mpira nao huweza kuanza maisha hivyo. Mizizi yake imezoea kulowa mvua ikinyesha, halafu kukauka na kupata hewa. Ukiutia katika mkebe usio na tundu, ukamwaga maji kila siku, mizizi inakosa hewa na kuoza. Mzizi uliooza haunyonyi maji, kwa hiyo majani yanalegea kana kwamba mti una kiu. Mwenye nyumba akiona vile, anaongeza maji!

Mzee mmoja wa Malaba alitulalamikia, "Walimu, mimi naunywesha asubuhi na jioni kama mtoto, na bado unaniangushia majani." Tulipoupindua mkebe, ulinuka kama mtaro. Ni mkebe wa mafuta ya kupikia, na haukuwa na hata tundu moja. Hilo halikuwa kosa la mzee. Kina mama ndio walioacha kutoboa, ati wateja hawataki maji yachafue zulia.

Basi, mwagilia hivi. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukisikia unyevu, uache. Ukiwa mkavu, mwaga maji mpaka yatoke chini kwenye matundu, kisha yamwage yale yaliyotuama kwenye kisahani. Hakuna siku maalumu. Wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, utamwagilia mara nyingi kuliko wakati wa mvua ndefu. Udongo nao usiwe ule mzito wa kando ya kinamasi. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu wa shambani, moja ya mchanga wa mto, na moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Na ukihamisha mti, mkebe mpya uzidi wa kwanza kwa vidole vichache tu. Udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji muda mrefu.

Mwanga ndio jambo la pili, na hapa nyumba zetu zina taabu. Chumba cha kupanga kina dirisha moja dogo, na mara nyingi limefungwa mchana kutwa kwa kuogopa wezi. Jani ndilo jiko la mti, na kuni zake ni mwanga. Weka mti hatua moja au mbili kutoka dirishani, au barazani penye kivuli. Mti uliozoea kona yenye giza usiutoe ghafla kwenye jua la saa saba, majani yataungua. Usogeze kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu. Walio kando ya barabara ya malori wapanguse majani kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu vumbi huziba mwanga. Tulikuta nyumba moja wakipaka mafuta ya kupikia ili majani yang'ae. Hapana, mafuta hayo yanashika vumbi zaidi.

Kile kifuniko chekundu kinachochomoza kwenye ncha si ua, ni kanga ya jani changa. Jani likifunguka kitaanguka chenyewe. Watoto wadogo hukipenda, kwa hiyo angalieni: utomvu mweupe wa mti huu unawasha ngozi, ukiingia machoni unauma sana, na mtoto akitafuna jani, mdomo na tumbo vinaweza kumsumbua. Ukikata tawi, nawa mikono kwa sabuni.

Tena tuliwakataza kina mama kusema kwamba mti unasafisha hewa ya nyumba. Habari hiyo ilipata nguvu kutokana na utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1989, lakini mimea ile ilipimwa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Wanasayansi waliopitia tafiti hizo mwaka 2019 walionyesha kwamba ungehitaji mimea mingi mno katika chumba cha kawaida. Atakayeamini maneno hayo akafunga dirisha na jiko la makaa linawaka ndani, mti hautamwokoa.

Wengi wameuliza mbegu zinapatikana wapi. Mti huu hutegemea nyigu wake mdogo ili upate mbegu za kuota, na asipokuwepo hakuna mbegu. Kina mama hutumia tawi. Wanabandua gome mviringo, upana wa vidole viwili, wanafunika pale kwa udongo wenye majani yaliyooza ulioloweshwa, kisha wanafunga kwa nailoni juu na chini. Baada ya miezi miwili hivi mizizi inaonekana. Hapo wanakata chini yake na kupanda.

Ukichoka nao usiupande karibu na ukuta, choo, tangi au bomba la maji. Kumbuka zile mita 30. Mizizi iliyofanywa daraja haitashindwa na msingi wa matofali.

Siku hizi kikundi hutoboa matundu matatu kwa msumari, na mkebe unauzwa pamoja na kisahani chake. Kabla ya kupokea pesa, mama muuzaji humwambia mteja aingize kidole mwenyewe kwenye udongo. Wengine hucheka, lakini wanaingiza. Karo ya muhula uliopita ililipwa, ingawa kwa kuchelewa.

Mwenye mti unaoangusha majani asiutupe. Auleteni ofisini siku ya soko pamoja na mkebe wake, tuutoe tuangalie mizizi kwanza.