Shule ya Wasichana wa Kibudha Ina Lipi la Kutufundisha?



Wengi wetu tunaufahamu Ubudha kwenye vitabu vya falsafa tu. Lakini Wabudha hujenga shule pia, na historia ya shule yao moja inatuhusu.

Mwishoni mwa karne ya 19, kisiwa cha Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kilitawaliwa na Waingereza. Shule nyingi nzuri zilikuwa za wamisionari, Wakatoliki na Waprotestanti. Mzazi wa Kibudha aliyetaka binti yake asome alihofu kwamba atarudi nyumbani na dini nyingine.

Wavulana wa Kibudha walipata shule yao, Ananda, mwaka 1886. Wasichana walibaki nyuma, ingawa mama ndiye mwalimu wa kwanza wa dini nyumbani. Mwaka 1890 chama cha wanawake kikawafungulia shule ya Sanghamitta mjini Colombo. Mwaka uliofuata akafika Marie Musaeus Higgins, mwalimu mjane, mzaliwa wa Ujerumani. Baadaye akaanzisha shule yake kwenye kibanda cha udongo, akiwa na wasichana wachache tu. Shule hiyo, Musaeus, iliandaa pia walimu wa kike, na ipo hadi leo.

Kwa hiyo hofu ya wazazi kuhusu shule zetu ilichangia kuzaliwa kwa shule hizo. Je, hofu hiyo ilikuwa ya lazima? Sirimavo Bandaranaike, Mbudha, alisomeshwa na masista katika shule ya Mtakatifu Brigita, Colombo, akabaki Mbudha. Mwaka 1960 akawa mwanamke wa kwanza duniani kuwa waziri mkuu. Masista walimpa elimu bila kumnyang'anya dini yake.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine, na unautaja Ubudha kwa jina.

Huku Kharumwa wapo akina baba, Waislamu na wafuasi wa dini ya jadi, wanaositasita kuwaleta mabinti kwenye shule za Kanisa. Wakati wanasitasita, ng'ombe wa mahari wanaweza kuwahi. Tusiidharau hofu yao. Sisi tutakaokuwa mapadre tuwaambie wazi, na tulitimize neno letu: binti yako atasoma, na dini yake itaheshimiwa.