Ukiwa na haraka, uliza mlango kabla ya kuchagua kiti cha ndege

NDEGE ikishatua na taa ya mikanda kuzimwa, abiria huinuka wote kwa pamoja kana kwamba wameitwa kwa majina. Mikono hunyooshwa kwenye makabati ya juu, mikoba huvutwa, na ujia mwembamba wa katikati hujaa watu walioinamisha shingo wakisubiri mlango ufunguliwe.

Kwa anayekwenda Diani kupunga upepo, dakika hizo si kitu. Kwa mwenye kesi mahakamani, mwenye mgonjwa hospitalini au mwenye ndege nyingine ya kuunganisha, dakika hizo zaweza kuwa ndizo safari yenyewe.

Nililijua hilo kwa njia chungu. Miaka kadhaa iliyopita niliabiri ndege ya alfajiri kutoka Mombasa, nikiwa na tiketi nyingine, ya shirika tofauti, ya kutoka Nairobi hadi Kisumu. Nilikuwa nikienda kumzika shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Nilichagua kiti cha nyuma kabisa kwa sababu safari iliyotangulia tulishukia mlango wa nyuma. Siku hiyo tulichelewa kuondoka, na tulipotua ulifunguliwa mlango wa mbele pekee. Nilikuwa mtu wa nne kutoka mwisho. Nilipofika kwenye dawati la safari ya pili, karani alikuwa ameshafunga orodha. Ndege iliyofuata ilikuwa imejaa, nikapanda matatu. Niliwasili nyumbani jua likielekea kuchwa, na kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Tangu hapo nimejifunza kwamba swali la kwanza si nambari ya kiti. Swali la kwanza ni mlango.

Chukua mfano wa Dash 8-400, ndege ya rafadha ambayo shirika la Jambojet limekuwa likiitumia katika safari nyingi za humu nchini. Hubeba takriban abiria 78, wawili wawili kila upande wa ujia. Ikiwa kila mmoja atachukua sekunde sita kuinua mkoba wake na kupita mlangoni, na mlango ni mmoja, wa mwisho atangoja karibu dakika nane. Ikifunguliwa milango miwili, muda huo hupungua kwa nusu. Ndege hiyo ina mlango wa abiria mbele na mwingine nyuma, yote upande wa kushoto. Wa mbele una ngazi zake zenyewe zinazokunjuliwa, ilhali wa nyuma aghalabu hungoja ngazi isukumwe kutoka nje. Ndiyo maana, mtu asiyekuwa na hakika hupata nafuu akikaa mbele.

Hali ni karibu hiyo hiyo kwa Embraer 190 za Kenya Airways, ambazo zina milango mbele na nyuma. Kwa kuwa katika viwanja vyetu vingi abiria hushuka kwa ngazi na kutembea kwa miguu hadi jengoni, milango yote miwili yaweza kutumika. Lakini ndege ikiegeshwa penye daraja la kupitia moja kwa moja hadi jengoni, wa nyuma hana budi kusubiri wote walio mbele yake, wakianza na wale wa daraja la juu. Mahali pabaya zaidi ni katikati: ukikaa hapo, milango yote miwili iko mbali nawe.

Kuna ndege zinazogeuza hesabu hii chini juu. ATR, inayotumiwa na majirani zetu wa Precision Air ya Tanzania, hupakia mizigo upande wa mbele na kuwaingiza abiria kwa mlango wa nyuma. Humo, aliyelipia kiti cha mbele akidhani amenunua haraka ndiye atakayeshuka mwisho. Dash 8 zile ndogo, za kundi la 100 na 300, ni kinyume: abiria hupita mbele, na nyuma ni mahali pa mizigo. Basi ukikata tiketi, tazama aina ya ndege iliyoandikwa, na unapoingia muulize mhudumu mtashukia wapi. Yeye hujua mapema kuliko sisi, ingawa hata yeye hubadilishiwa mambo dakika ya mwisho.

Baada ya mlango, fikiria ujia. Anayekaa dirishani hutegemea hisani ya jirani yake, na majirani wengine husinzia hata baada ya ndege kusimama. Mkoba nao uwe mdogo wa kutosha kukaa chini ya kiti kilicho mbele yako. Makabati ya ndege za rafadha ni finyu. Mkoba mkubwa huenda ukachukuliwa chini ya ngazi na kutiwa shehenani, na ukisharuhusu hilo, kiti chako cha mbele hakina faida tena. Utasimama kungojea mizigo pamoja na yule aliyekaa safu ya mwisho.

Wanaosafiri kutoka Wilson kwa ndege ndogo za Cessna Caravan wana masharti yao. Abiria hupandia mlango wa nyuma kulia, kwa hivyo walio karibu na mkia ndio hutangulia kushuka. Hata hivyo, usijipe matumaini mengi ya kuchagua: katika ndege ya abiria kumi na wawili, uzito lazima ugawanywe, na rubani akikuambia hamia mbele, hamia. Na ukienda Lamu, haraka yako itakomea gatini. Uwanja uko kisiwani Manda, na mashua haing'oi nanga kwa sababu wewe ulishuka wa kwanza.

Safu iliyo kando ya mlango wa dharura huwavutia wengi kwa nafasi yake ya miguu. Si ya kila mtu. Watoto hawaruhusiwi hapo, wala yeyote asiyeweza kuwasaidia wahudumu kuufungua mlango huo. Mwanzo wa sheria nyingi za milango hii ni mikasa. Mnamo Agosti 22, 1985, ndege aina ya Boeing 737 ilishika moto ikiwa bado ardhini mjini Manchester, Uingereza, na watu 55 wakafa, wengi kwa moshi. Baada ya hapo nafasi ya kupitia kwenye milango ya dharura ilipanuliwa. Leo mtengenezaji wa ndege kubwa hulazimika kuthibitisha kwamba abiria wote waweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa.

Kwa hivyo kila unapoketi, hesabu safu zilizopo kati yako na mlango ulio karibu, mbele na nyuma. Moshi ukitanda, utahesabu kwa kupapasa viti. Mkoba uache. Huko Haneda, Tokyo, Januari 2, 2024, ndege ya Japan Airlines iliyokuwa na watu 379 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani ikawaka moto. Watano kati ya sita waliokuwa katika ile ndege ndogo walifariki, lakini wote 379 walitoka hai, na mizigo yao ikateketea.

Jambo moja kiti hakiwezi kulitibu. Ukikata tiketi mbili za mashirika mawili yasiyohusiana, shirika la pili halina wajibu wa kukungoja wala kukupatia nafasi nyingine. Tiketi moja inayounganisha safari zote mbili huliachia shirika mzigo huo. Siku ile ya mazishi nilikuwa nimeokoa shilingi mia kadhaa kwa kuzitenganisha.