WAKILI WA KITENGELA: AMETOKA WAPI NA ANAFANYAJE KAZI?

Ukipita kando ya barabara ya Namanga hapa Kitengela utaona vibao vya mawakili juu ya maduka. Wengi wetu tukisikia neno "wakili" tunafikiria kesi za wezi na wauaji tu. La hasha! Huku Kajiado, kazi yake kubwa ni ardhi.

Je, mtu huwaje wakili? Husoma sheria chuo kikuu kwa miaka minne, kisha huenda chuo cha mafunzo ya uwakili. Hapo hufanya mitihani, na kwa miezi sita hufanya kazi chini ya wakili mzoefu. Mwisho huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake huandikwa katika orodha ya mawakili. Hata hivyo, kila mwaka lazima apate cheti kipya cha kazi.

Kwa nini ardhi? Sheria ya 1968 iliwezesha Wamaasai kumiliki ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka wa 1988, kila mwanachama akawa na shamba lake. Hapo ndipo madalali walipoanza kubisha hodi. Kuna wazee waliouza, na familia ikajua siku ua wa mnunuzi uliposimamishwa!

Basi wakili mwema hufanya hivi. Kwanza husikiliza, kwa Kimaasai au Kiswahili, mpaka aelewe. Pili, hukagua rejista ya ardhi kujua mwenye shamba ni nani na kama lina deni la benki. Tatu, huandika mkataba, maana mauzo ya ardhi kwa mdomo tu hayana nguvu mahakamani. Nne, kama ni shamba la kilimo au malisho, ombi hupelekwa Bodi ya Ardhi katika muda wa miezi sita. Bodi huweza kuuliza: mama na watoto wanajua? Pesa za mteja nazo hukaa katika akaunti mbali na zake.

Jambo moja tusisahau: wakili wa mnunuzi si wakili wa muuzaji. Mzee anayetia kidole kwenye karatasi asizosomewa, katika ofisi asiyoichagua, hana mtetezi.

Hata hivyo, wakili si mganga. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka wa 1913, Ole Njogo na wenzake waliishtaki serikali ya kikoloni kwa kuwahamisha Laikipia. Wakili walikuwa naye, lakini mahakama ilikataa kesi, ikidai kwamba mapatano ya Wamaasai na Waingereza yalikuwa kama ya mataifa mawili, hivyo si ya kuamuliwa na mahakama ya kawaida. Mlango ulifungwa kabla ya haki kuingia.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Basi ndugu msomaji, likizo hii ukiona karatasi ya shamba mezani nyumbani, isome kwa sauti, wazee wasikie. Kiswahili tunachojifunza hapa kina kazi yake.